Nilivyoweza kumaliza vitabu vyote vya Bruda Cadfael

Nikisema nasoma riwaya za upelelezi za Uingereza ya karne ya 12 watu wanaguna, na siwalaumu, majina peke yake yanachosha. Ila Bruda Cadfael jamani ni mtu wa kukaa naye. Ni mtawa Mbenediktini, mtu wa Wales, kapigana vita vya msalaba, kawa baharia, sasa umri umekwenda anatunza bustani ya dawa kwenye abasia (nyumba ya watawa) ya Shrewsbury, pale mto Severn unapouzunguka mji karibu wote. Kila kitabu mtu anauawa na yeye ndo anafukua. Mwandishi ni Ellis Peters, jina lake la kuzaliwa Edith Pargeter, mama wa hukohuko Shropshire, riwaya zenyewe 20, ya kwanza ilitoka 1977 ya mwisho 1994.

Mimi nilianzia cha pili, One Corpse Too Many, na ndo naona kilinibeba. Ni mwaka 1138, mfalme Stephen kaiteka ngome ya Shrewsbury kaamuru waliokutwa mle wanyongwe, watu 94. Cadfael anaenda kuwasitiri, anahesabu maiti, anapata 95. Huyo wa ziada shingoni ana alama ya kamba nyembamba, hakunyongwa pamoja na wenzake. Yaani mtu kaua halafu kaenda kuficha maiti kwenye maiti za mfalme!! Hapo sikulala.

Sasa vita ndo ilinipa shida. Mfalme Henry wa Kwanza mwanae wa kiume alikufa meli ilipozama 1120, akawaapisha wakubwa wa nchi kwamba akifa yeye atatawala binti yake Maud, kafa 1135 na mpwa wake Stephen akawahi kiti, basi miaka na miaka watu wanachinjana. Nikachukua daftari nikagawa ukurasa kati, huku wa Stephen kule wa Maud, kila lodi akitajwa namwandika upande wake, akihama namkata namwandika upya. Wanaohama ni wengi (kama wanasiasa wetu ila sisemi kitu).

Kitu kingine ni saa. Mle ndani hakuna saa ya mkononi, kila kitu kinaenda kwa sala, Prime, Terce, Sext, None, na najua wengi wanaachia hapo. Kumbe ni saa zetu hizihizi bwana, zinahesabiwa tangu jua linachomoza, Prime chukulia saa moja, Terce saa tatu, Sext saa sita, None saa tisa. Mzungu mpaka apige hesabu, sisi tunasoma tu. Na mimi nimekulia upande wa Peramiho, Wabenediktini wapo pale tangu 1898, kwa hiyo mambo ya abate (mkuu wa abasia), priori (msaidizi wake) na kengele hayakunisumbua. Ukishazishika saa unaanza kuwanasa waongo kabla ya Cadfael, mtu anadai alikuwa sokoni mpaka masifu ya jioni wakati kuna aliyemwona darajani saa tisa, ahaa.

Kutafuta muuaji kwenyewe niliacha mapema. Kuna ujanja, ukiona vijana wawili wamependana na dunia nzima inawapinga, hao wafute kwenye orodha, mama Peters hana roho ya kuwafunga. Utamu uko kwa Cadfael mwenyewe. Kwenye kitabu cha Monk's Hood mtu kawekewa sumu kwenye chakula, Cadfael anaitwa aje kumtibu, anainama anasikia harufu ya mafuta ya kuchua aliyotengeneza yeye kwa ajili ya wazee wa abasia wenye maumivu ya viungo, kumbe sumu ndo hayo. Na mjane wa marehemu ni mchumba wake wa ujanani, aliyemwacha akaenda vitani. Hebu fikiria uko chumba hicho.

Vinavyopwaya vipo, kuna vya katikati ambavyo nilivisoma kwa kuburuza. Kile cha mwisho hapana, Cadfael anatoka abasiani kwenda kumtafuta mwanae aliyetekwa, na anajua kabisa anavunja kiapo cha utii. Kinaishia 1145 na vita bado haijaisha, Peters mwenyewe alifariki 1995, ikabidi niingie kwenye historia kujua nani alishinda. Walipatana 1153, Stephen abaki na kiti mpaka afe halafu arithi mtoto wa Maud, na mwaka uliofuata tu Stephen akafa.