Pua ya Kaisari imekaa, herufi nimeziacha

Jaribio la nne. Pua ya Maximilian imetoka nzima, haikukatika popote, na saa hizi karatasi iko ukutani nami nimekaa kuitazama tu. Chai imepoa.

Ninanakili ile chapa ya ubao (picha inayochongwa kwenye mbao, ikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi) ya mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer ya 1519: Kaisari Maximilian wa Kwanza, kofia pana, mkufu wa Ngozi ya Dhahabu, nishani ya chama cha mashujaa wa kifalme. Dürer alimchora ana kwa ana kule Augsburg Juni 1518. Januari iliyofuata kaisari akafa, ndipo sura ikaenda ubaoni na kusambaa.

Sasa hiyo pua. Mstari mmoja tu unashuka toka kwenye paji hadi ncha. Ukikatika katikati, mtawala wa Dola Takatifu ya Kirumi anageuka babu aliyeumwa na nyuki. Nimechapa babu huyo mara tatu. Kwanza nililaumu mvule, na kweli vinyweleo vyake ni vikubwa, uso mzima ulitoka na madoadoa kama surua. Nikahamia mpera, mbao ngumu, laini, tamu kuchonga. Pua ikakatika. Nikalaumu wino. Pua ikakatika tena!

Makosa yalikuwa mawili, yote yangu. La kwanza, nilipunguza picha nusu ili nisihangaike na ubao mpana, nikasahau kwamba mistari nayo inakonda nusu. Ya Dürer ina kimo cha sentimita 41 hivi, haikuwa bure. La pili, nilisimamisha kisu wima, mstari ukabaki kama ukuta usio na msingi. Nikisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, unaanguka. Safari hii nimelaza kisu kwa nje pande zote mbili, mstari ukawa kama tuta la viazi: juu mwembamba, chini mnene. Vipande viwili vya mpera vimeungwa kwa gundi, ukubwa ni ule ule wa asili.

Kisu chenyewe ni kipande cha msumeno wa chuma nilichonoa. Zile seti za patasi kumi na mbili ndani ya kiboksi kizuri, acheni. Zinakata sabuni.

Wakati nasubiri gundi ikauke nilikuwa nawaza jinsi sifa zote anavyopewa mchoraji. Ile chapa kubwa ya Lango la Heshima la Maximilian ilihitaji mbao 195, zikachapwa kwenye karatasi 36 zinazounganishwa hadi kufika karibu mita tatu na nusu kwenda juu. Walioichora ni Dürer na wenzake. Aliyesimamia uchongaji ni Hieronymus Andreae wa Nuremberg. Kaisari aliyekuwa na madeni hadi shingoni alijijengea lango la ushindi la karatasi, likachapwa nakala kama 700, kila mji ubandike ukutani kwake. Lango la mawe lingekaa mahali pamoja. Na utukufu wote huo ulisimama juu ya matuta membamba kama haya yangu, kisu kikiteleza kidogo tu, kwisha.

Jirani kaja kuazima nyundo, kaitazama karatasi: “Huyu anagombea jimbo gani?” Nimecheka, lakini swali lina haki yake. Bila maandishi ya juu hakuna anayemjua. Dürer aliweka mstari wa Kilatini wenye vyeo vyote, na neno *divus* ndani yake, heshima ya makaisari wa Roma waliokwisha kufa. Ratiba yangu ilisema wiki hii nichonge herufi hizo, kinyumenyume ili zikichapwa zisomeke, moja moja.

Sitachonga. Jana usiku nimekutana tena na Maximilian wa mchoraji Hans Burgkmair wa 1508, yuko juu ya farasi na deraya kamili, kachapwa kwa mbao mbili: moja ya mistari, nyingine ya rangi, na pale palipochimbwa weupe wa mwanga unang'aa kwenye chuma. Mbao mbili zikae sawasawa bila kupishana hata unywele, sijui nitafanyaje. Ubao wa pili nimeshaupiga randa.