Povu la Hewa Iliyoshindiliwa: Maji Yanayookolewa na Mpira Unaosahaulika

Nyumba inapowaka na askari wa zimamoto wakaielekezea mipira yao, sehemu kubwa ya maji huishia kutiririka barabarani, na maji hayo ni maji ambayo hayakufanya kazi. Lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke hubeba joto jingi mno na kutanuka karibu mara 1,700, lakini maji yanayogonga ukuta au mbao huteleza na kuondoka kabla hayajachemka. Hapo ndipo thamani ya povu la hewa iliyoshindiliwa inapoonekana.

Pampu ya gari husukuma maji, kifaa maalumu huyachanganya na dawa ya povu, kisha kompresa huingiza hewa kabla mchanganyiko haujatoka garini. Kwa moto wa mbao, nguo, karatasi au nyasi, mara nyingi lita 3 hadi 5 za dawa hutosha kwa lita 1,000 za maji. Mchanganyiko ukisafiri ndani ya mpira hugeuka mapovu madogo yanayolingana, mithili ya povu la kunyolea ndevu, yanayoshika ukutani na hata kwenye dari, huku dawa ikiyawezesha maji kupenya ndani ya mbao na magodoro badala ya kubaki juu juu. Mwendesha pampu anaweza kutoa povu lenye maji mengi kwa ajili ya kuzima, au povu kavu kwa ajili ya kufunika kitu ambacho bado hakijashika moto. (Dawa hii si sawa na zile za zamani za moto wa petroli zilizokuwa na kemikali za PFAS, ambazo hudumu ardhini na majini kwa muda mrefu sana.)

Mfumo huu ulipata nguvu mpya katika jimbo la Texas, Marekani, miaka ya 1970, pale idara ya misitu ilipotafuta namna ya kuzima moto wa nyika kwa maji machache, ikitumia sabuni iliyotokana na mabaki ya viwanda vya karatasi. Mwaka 1988, moto mkubwa ulipoikumba hifadhi ya Yellowstone, majengo ya mbao katika eneo la Old Faithful yalipakwa povu ili yasishike moto. Kwetu Afrika Mashariki, ambako mara nyingi gari la zimamoto hutegemea maji ya tangi lake peke yake, faida hiyo haihitaji maelezo marefu.

Hata hivyo, wanaousifu mfumo huu hutaja wepesi wa mpira kana kwamba ni faida tupu, nami sikubaliani nao. Mpira ni mwepesi kwa sababu umejaa hewa, na hewa haipozi mpira kama maji yanavyoupoza. Tarehe 17 Desemba 2005, askari wawili wa zimamoto walifariki ndani ya jengo lililokuwa likiungua mjini Tübingen, Ujerumani, baada ya mpira wao uliobeba povu la aina hii kupasuka. Majaribio yaliyofanywa baadaye nchini humo yalionyesha kwamba mpira wenye povu ukiguswa na joto kali hupasuka mapema kuliko mpira uliojaa maji. Aliye ndani ya chumba chenye moshi mzito hawezi kuliona kaa la moto lililoangukia mpira mita kadhaa nyuma yake, na mpira ukipasuka hapo, hana tena cha kujikingia.

Kwa hiyo ningelitumia povu hili bila kusita kutokea nje, kwenye moto wa nyika, na katika kukinga nyumba jirani. Kwa askari wanaoingia ndani ningetaka kwanza mipira inayostahimili joto, na mwendesha pampu aliyezoezwa kurudi kwenye maji matupu mara moja. Ustadi wake ni muhimu pia kwa sababu dawa ikiisha huku kompresa ikiendelea kusukuma, hewa na maji hukataa kuchanganyika, vikapita ndani ya mpira kwa mafungu, na mpira ukarukaruka mikononi mwa anayeushika. Mpira huo pia hujikunja kwa urahisi kwenye kona za ngazi na milango, hivyo kazi ya askari anayesimama kwenye kona kuunyoosha haipaswi kuondolewa kwa hoja kwamba mpira ni mwepesi.