Siku moja maishani mwangu: kuimba bila maiki Machame

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa nane Machame ni ukungu na baridi, na Mama ameshawasha kuni. Namwamkia, nachukua chupa yangu ya maji na kutoka nje mara moja, maana moshi wa jikoni ni adui wa koo na jioni nina kazi ya kuimba. Huko nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni, naanza kupasha sauti. Kwanza navumisha mdomo ukiwa umefungwa. Kisha nauzamisha mrija kwenye maji, napuliza huku natoa sauti, mpaka mapovu yatoke sawasawa. Zoezi hili huiamsha sauti taratibu bila kuikwaruza. Jirani anayekwenda kuchuma kahawa ananisalimia na kuendelea na njia yake. Ameshanizoea.

Mimi ni soprano, yaani sauti ya juu ya kike, naimba opera, michezo ya jukwaani inayoimbwa, huko Ujerumani. Majumba ya opera kule hufunga msimu wakati wa kiangazi chao, na likizo hiyo naileta nyumbani, kwenye usharika ulionifundisha solfa, noti za do, re, mi.

Saa 3 asubuhi. Masomo ya mtu mmojammoja. "Bwana asifiwe!" Wa kwanza ni mama wa sauti ya pili, amekuja na chupa ya tangawizi, asali na ndimu. Sauti imemkauka. Namwambia, "Mama, kinywaji ni kizuri, lakini hakifiki kwenye nyuzi za sauti." Kinachomezwa hupita kwenye umio. Nyuzi za sauti zimo ndani ya zoloto, kwenye njia ya hewa, na ukimeza njia hiyo hujifunga. Tangawizi ingezigusa, ungepaliwa. Kinachozisaidia ni maji ya kutosha, mvuke wa kuvuta, na kupumzika. Halafu namuuliza anasimama wapi siku ya Jumapili. Mbele ya spika, anasema. Hapo ndipo tatizo lilipo: hajisikii mwenyewe, basi anapiga kelele, na wiki nzima anaongea kwa kukwaruza.

Nalisema hili kila ninapokuja, na nitaendelea kulisema. Kwaya zetu zina sauti nzuri kuliko nyingi nilizozisikia, na tunazifunika kwa vyombo.

Anafuata kijana wa tena, sauti ya juu ya kiume. Anaimba kwa shingo, mishipa imemtoka. Namwekea mikono yake mwenyewe kwenye mbavu za chini, avute pumzi mpaka zipanuke, kisha aimbe bila kuziacha zianguke upesi. Namweleza kwa nini mwimbaji wa opera husikika juu ya okestra nzima, kundi kubwa la wapiga vyombo, bila maiki. Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye mitetemo kama 500 kwa sekunde, na ukipanda juu ya hapo inapungua. Tena au besi aliyefunzwa huipa sauti yake mng'ao kwenye mitetemo kama 3000 hivi, mahali ambapo okestra imeshapungua nguvu na sikio la binadamu liko makini. Kwa hiyo hashindani nayo kwa ukubwa, anapita palipo wazi. Kijana anajaribu tena, na kwenye "e" moja hivi mng'ao unatoka. Ameusikia mwenyewe, nauona usoni.

Saa 7 mchana. Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kwa shangazi, na maswali ya vijana: hiyo ni ajira kweli? Ni ajira. Ujerumani ina majumba ya opera zaidi ya 80, na hata wanakwaya wa jumba hulipwa mshahara wa mwezi. Lakini nawaambia wazi kwamba usaili ni mgumu, lugha lazima ijulikane, na sauti kubwa huchelewa kukomaa. Mwenye miaka 18 asilazimishe nyimbo za watu wa 35.

Saa 10 jioni. Mazoezi ya pamoja. Tunaimba Laudate Dominum ya Mozart, ya mwaka 1780. Maneno ni Zaburi ya 117, fupi kuliko zote. Soprano anaimba zaburi peke yake, halafu kwaya inaingia taratibu kwenye Gloria Patri (Atukuzwe Baba), naye soprano anarudi kwenye Amina. Mwalimu wa kwaya ameandika sauti zote nne ubaoni kwa solfa, Do ni F. Kilatini hakikuwatisha. Irabu zetu tano ni safi, na wenzangu niliosoma nao Ulaya walihangaika sana kuzipata safi hivyo.

Mzee wa kanisa ana wasiwasi. "Mwanangu, walioko nyuma watasikiaje bila spika?" Namwomba akakae benchi la mwisho, karibu na mlango. Tunaimba. Anarudi polepole na kusema, "Zimeni spika."

Matarumbeta nayo yamefika. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi hapa Machame mwaka 1893, na upigaji wa tarumbeta kanisani tumeurithi kwa Walutheri wa Kijerumani. Sasa ni yetu kabisa. Ukisikia vijana hawa wanavyoyapuliza utajua.

Saa 12 jioni. Kanisa limejaa, watoto wamekaa chini mbele. Matarumbeta yanafungua, kisha tunaingia na zaburi. Kwenye noti za juu naliachia taya lishuke. Sisi soprano huko juu hatuna njia nyingine ya kuipa sauti nafasi, ndiyo maana irabu zote huelekea "a" na maneno hupotea kidogo. Kwaya ilipoingia nyuma yangu, laini, kila sauti ikiisikiliza jirani yake, nilitamani nisigeuke kuwatazama, maana ningelia na Amina ingekwama.

Baadaye tuliimba nyimbo za kitabuni, waumini wote, bila maiki hata moja, na besi za wazee zikatetemesha mabenchi.

Saa 3 usiku. Mwalimu na mimi tuko ofisini kwa Mchungaji tunanakili solfa. Tumekubaliana kwamba kila Jumapili kwaya itaimba wimbo mmoja spika zikiwa zimezimwa, na mama wa sauti ya pili atahamishiwa katikati ya wenzake. Jumatatu tunaanza na matena.