Siku moja maishani mwangu: hesabu ndefu kwenye mashine za kukodi

Saa 1 asubuhi. Nafungua logi, yaani kumbukumbu ya hesabu zilivyokwenda usiku, kabla ya chai. Tunaiga kwenye kompyuta mwenendo wa DHFR, kimeng'enya cha kimelea cha malaria ambacho pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizo ndani ya SP (sulfadoksini na pirimethamini), hukizuia. SP ilishika nafasi ya klorokwini Tanzania Bara mwaka 2001, usugu ukaiondoa baada ya miaka michache, lakini wajawazito bado wanaimeza kama kinga. Kwa hiyo S108N, badiliko la kijenetiki la kimeng'enya hicho linalobana mahali pirimethamini inapojishika na kuleta usugu, ni habari ya leo kabisa.

Programu yetu ni GROMACS, inayokokotoa mwendo wa atomu hatua kwa hatua. Kila hatua ni femtosekunde 2 (nanosekunde moja ina femtosekunde milioni moja), hivyo nanosekunde 500 ni hatua milioni 250. Hizo ni siku nyingi mfululizo, tena kwenye mashine pepe (kompyuta za kukodi kupitia intaneti) za bei nafuu ambazo kampuni inayozikodisha inaweza kuzichukua muda wowote.

Saa 3. Kijana wa mafunzo anauliza: "Kaka, mashine ikichukuliwa tunaendelea kutoka kwenye chekipointi, faili inayohifadhi hesabu ilipofikia. Kwa nini tusipige snepushoti, yaani nakala ya mashine nzima?" Swali zuri. Snepushoti hubeba diski yote, pengine na kumbukumbu yote. Chekipointi ya GROMACS hubeba kinachohitajika tu: kila atomu iko wapi, ina kasi gani, tumefika hatua ya ngapi. Kwetu ni megabaiti chache. Kwa kawaida huandikwa kila dakika 15, na ile iliyotangulia hubaki kama state_prev.cpt, ili kama mashine ikizimika katikati ya kuandika, pawe na ya kurudia.

Saa 5. Saa ninayoipenda kuliko zote: tunaua mashine ya majaribio kwa makusudi. Si kuizima kistaarabu. Tunaifuta pamoja na diski yake. Chekipointi iliyokaa kwenye diski ya mashine iliyofutwa haipo tena, kwa hiyo skripti yetu huinakili kwenye hifadhi ya nje kila inapoandikwa. Mashine mpya inawaka, inaivuta, inaendelea kwa amri za -cpi (anzia kwenye chekipointi) na -noappend (andika matokeo kwenye faili mpya), bila kuhitaji faili kubwa za matokeo ya awali. Sikubali kazi yoyote ianze kabla haijapita jaribio hili.

Saa 8 mchana. Taarifa ya kunyang'anywa mashine inaingia, na safari hii si majaribio. Amazon hutoa dakika 2, Google sekunde 30. Skripti lazima itoshee kwenye muda mfupi zaidi. Inatuma SIGTERM, ishara ya kuiomba programu isimame, GROMACS inaandika chekipointi, inatoka, faili inanakiliwa. Baada ya muda mfupi hesabu inaendelea kwenye mashine nyingine.

Saa 10. Nakagua kiungo, pale hesabu ya mashine ya kwanza ilipounganishwa na ya pili. Namba hazitafanana hadi desimali ya mwisho, kwa sababu vifaa vimebadilika na mpangilio wa kujumlisha nao umebadilika. Ninachotafuta ni kuruka kwa nishati au jotoridi pale tulipounganisha. Hakuna, mstari umetulia kwenye kelvini 310.

Saa 12 jioni. Naingiza kwenye foleni hesabu ya C59R, badiliko jingine la DHFR, naipa -maxh (kikomo cha saa) ijisimamishe yenyewe kwa wakati, kisha nafunga ofisi.