Kuuza gari ambayo bado haipo

Mie kazi yangu kuagizia watu magari. Vitz, Noah, Raum, akitaka Alphard ntamtafutia, mteja ananipa pesa hapa Mjini Unguja, pesa inakwenda Japani, gari inapanda meli, sisi tunasubiri. Kwahiyo nikisoma habari za Tesla ya mwanzo kabisa, ile Roadster ya umeme ya viti viwili, mie siangalii sana maroketi na utajiri wa mwenyewe, naangalia kitu kimoja tu, hawa watu walimfanyaje mtu mzima mwenye akili zake akatoa dola laki moja kwa gari ambayo haijatengenezwa, tena na kampuni ambayo haijawahi kuuza hata baiskeli.

Na kwanza tuweke sawa maana pale Jaws Corner kwenye kahawa kila mtu anasema lake. Kampuni hakuianzisha Elon Musk, yule tajiri wa maroketi. Walioifungua 2003 ni Martin Eberhard na Marc Tarpenning, mainjinia wawili wa California ambao kabla ya hapo walikuwa wakitengeneza kifaa cha kusomea vitabu, wala si magari. Musk kaingia 2004 na mapesa yake akawa mwenyekiti wa bodi, ukurugenzi wenyewe kaja kuushika Oktoba 2008, mambo yashachafuka.

Sasa huyu Eberhard alikuwa na jicho la dalali wallahi. Anapita mitaa ya wenye nazo kule Palo Alto anakuta nyumba ina Porsche na pembeni yake imepaki Prius, ile Toyota inayokula petroli kidogo. Mtu wa Porsche hana shida ya hela ya petroli yakhe! Kanunua Prius kwasababu nyengine, ama anajali mazingira kweli ama anataka aonekane anajali, sisi inatuhusu nini, muhimu yupo, ana hela, na hakuna mtu anaemuuzia kitu ambacho ni vyote viwili.

Maana wakati ule ukimtajia mtu gari ya umeme anacheka. Anafikiria vile vigari vya mahotelini huko Nungwi vinavyobebea watalii mabegi. General Motors walitoa EV1 mwaka 1996, wakawa wanaikodisha tu hawaiuzi, mwisho wakazikusanya na nyingi wakazipondaponda. Ila kulikuwa na kikampuni kidogo huko huko California, AC Propulsion, kilichotengeneza kigari kinaitwa tzero, kikafungwa betri za lithiamu zile zile za aina ya laptopu, kikawa kinachomoka vibaya mno. Eberhard alipokiona ndo akajua biashara ipo.

Watu wengi wanauliza kwanini waanze na gari ya mbio ya matajiri, kwanini wasitengeneze kama Vitz wakauza nyingi. Jibu ni betri. Betri ilikuwa ghali kiasi kwamba ukiiweka kwenye kigari cha familia bei inapanda mara mbili tatu na hakuna wa kununua, lakini ukiiweka kwenye gari ambayo tayari wenzake wanauzwa ghali, pale bei inajificha. Na wala hawakuficha, Agosti 2006 Musk aliandika waziwazi kwamba tutauza gari ya mbio, pesa yake tutengeneze ya bei nafuu kidogo, kisha ya hio tutengeneze ya nafuu zaidi. Mie hapo nilimpigia saluti. Kumchagua mteja wa kwanza ndo biashara yenyewe, mteja wa kwanza ukimkosea hata bidhaa iwe nzuri vipi inakufia mkononi.

Gari yenyewe waliazima mifupa ya Lotus Elise ya Uingereza, wakairefusha na kuibadilisha mpaka kilichobaki cha Elise ni kidogo. Ndani betri 6,831, kila moja fupi kuliko kidole changu cha kati, zimepangwa kwenye masahani 11 na maji ya kupoza yanapita katikati, pakiti zima kama kilo 450. Vijibetri vinatoka Japani, mota Taiwani, bodi ya nyuzi za kaboni Ufaransa, kuungwa kunafanyika Hethel kwa Lotus, halafu gari inasafiri mpaka California kutiwa betri na mota. Mie gari moja tu kutoka Yokohama mpaka bandarini Malindi hapa Unguja makaratasi yananitoa jasho, hawa kila kipande kina bahari yake.

Usiku wa uzinduzi ulikuwa 19 Julai 2006, uwanja wa ndege wa Santa Monica, kwenye banda la ndege linaitwa Barker Hangar. Wamealikwa watu kama 350, gavana Arnold Schwarzenegger alikuwepo. Na hapa ndo ujanja wote ulipo. Hawakuwakalisha watu kuwahubiria kuhusu moshi na joto la dunia, walikuwa na gari mbili za majaribio, moja nyekundu moja nyeusi, wakawa wanawapakia wageni mmoja mmoja. Unakaa pembeni ya dereva, hamna muungurumo, hamna kubadilisha gia, anakanyaga na mgongo unagandishwa kwenye kiti, kwasababu mota ya umeme nguvu yake yote inatoka pale pale gari inapoanza kwenda, haisubiri injini ipande. Kutoka sifuri mpaka karibu kilomita 97 kwa saa ni sekunde kama nne. Mtu akishuka pale huna tena haja ya kumuelezea, we mpe kalamu tu.

Na wakawapa. Wale mia wa mwanzo walitakiwa walipe dola 100,000 kamili, sio advansi, yote, na ndani ya wiki chache nafasi zikaisha. Kitu chengine hawakupitia kwa maajenti wa magari, waliuza wenyewe moja kwa moja na baadae wakafungua maduka yao, la kwanza Los Angeles 2008. Hapo mie kama dalali inaniuma kidogo lakini nakubali, ajenti anaeishi kwa kuuza spea na sevisi za injini angeisifia vipi gari isiyomwagwa oili.

Kisha ikaja giaboksi. Walitaka ya gia mbili, moja ya kuchomokea na moja ya spidi kubwa, na kila waliompa kazi ikamshinda, nguvu ya mota inatafuna gia. Miezi ikapita. Agosti 2007 Eberhard akatolewa kwenye ukurugenzi wa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Gari za mwanzo zilipotoka, Musk akipata ya kwanza Februari 2008, zilikuwa zimefungiwa kwenye gia moja tu na haziendi kwa kasi iliyoahidiwa, wenyewe wakaambiwa mtazirudisha baadae zirekebishwe. Mwisho wakaacha kabisa habari ya gia mbili, wakaongeza nguvu upande wa umeme na kuweka giaboksi ya gia moja ya BorgWarner, sekunde nne zikarudi. Na bei ikawa imeshafika dola 109,000.

Lakini lililonishangaza ni Januari 2009. Watu walioweka oda zamani, wanasubiri, wakaambiwa vitu ambavyo mwanzo vilikuwa ndani ya bei sasa ni vya kulipia mbali, na chaja ya nguvu imo. Kisa gharama ya kuitengeneza ilikuwa inazidi bei na kampuni ilikuwa imeponea chupuchupu, pesa ya kuiokoa ilipatikana 24 Disemba 2008. Hebu mie nimpigie bwana mmoja wa Mwanakwerekwe, kashalipa Noah yake kamaliza, nimwambie ami samahani, taa za mbele sasa utaongeza. Asingejibu hata, angekuja mwenyewe na watoto wa kaka zake. Wale wa Tesla walilalamika ndio, lakini wengi walibaki. Kwasababu mtu mwenye gari tatu nyengine uani anaweza kusubiri, na tena aliekwishawaambia marafiki zake wote kwamba yeye ni katika wale mia, kurudi nyuma ni aibu.

Mei 2008, wakati wale wanaanza kuchaji magari usiku majumbani kwao, huku Unguja umeme ulikatika kisiwa kizima karibu mwezi, hitilafu kwenye laini inayotuletea umeme kutoka Bara. Tulikuwa tunapanga foleni kuchaji simu kwenye jenereta za watu. Disemba 2009 ukakatika tena, miezi mitatu. Sa hivi laini ni mpya na hali si ile, wateja nao wameanza kuniuliza, ati gari ya umeme inafaa hapa? Kwa masafa inafaa sana, Roadster ilikuwa na kilomita 393 kwa chaji moja, Mjini mpaka Nungwi ni kama 60, unaenda na kurudi mara tatu na bado. Ila ile khasa matuta ya njiani yangeikwangua tumbo siku ya kwanza.

Mpaka 2012 waliuza kama 2,450 tu katika nchi zaidi ya 30, ikaisha, gari yao iliyofuata, Model S, ikachukua nafasi. Daimler, wale wa Mercedes, walishatia dola milioni 50 mwaka 2009, na 2010 hisa zikaingia sokoni kwa dola 17, kwahiyo kile kigari kidogo kilishafanya kazi yake.

Halafu Novemba 2017 wakatangaza Roadster mpya, itatoka 2020, advansi dola 50,000 na wa toleo la mwanzo walipe 250,000 zote. Watu wakalipa tena! 2020 ikaja ikapita gari haijatoka. Mie meli ikichelewa wiki mbili tu Mombasa, simu yangu haipumui.