Maoni ya wazee wa baraza yasomwe watu wakisikia

Wiki iliyopita shangazi alinipigia akaniambia, mwanangu, kesi imerudi. Nikajua ameshinda. Kumbe imerudi kulekule ilikoanzia, baraza la ardhi la wilaya, isikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine, baada ya miaka sita ya nauli na fotokopi na kuuza mbuzi kulipa wakili. Na Mahakama Kuu haikusema kihamba, yani shamba la ukoo la sisi Wachagga, ni chake wala si chake. Hukumu imetenguliwa kwa sababu maoni ya wazee wa baraza, yani raia wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza kesi na kumshauri, hayaonekani kwenye mwenendo wa shauri, kumbukumbu za kesi yenyewe, mwenyekiti aliandika tu ndani ya hukumu kwamba wazee wamekubaliana naye, sasa walisema lini na nani aliwasikia, hakuna anayejua.

Mi nilikuwa najua wazee wa baraza ni watu wa kukaa pale pembeni ya mwenyekiti mpaka jioni basi. Nimekesha siku mbili nasoma sheria na hukumu za zamani na naomba na wewe uelewe hili kama una kesi ya ardhi, au ndugu yako anayo.

Hapa Tanzania Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inasema Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linakamilika likiwa na mwenyekiti na wazee wa baraza wawili, na hao wazee lazima watoe maoni yao KABLA mwenyekiti hajafikia hukumu. Kanuni za 2003 zikaongeza kwamba kila mzee aliyekuwepo usikilizaji unapoisha ayatoe kwa maandishi, na anaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili. Hapo kwenye Kiswahili nilisimama kidogo, maana kesi zetu kumbukumbu zake nyingi zinaandikwa Kiingereza na mtu kama shangazi anabeba faili lake mwenyewe miaka yote bila kujua ndani limeandikwa nini, kumbe kuna karatasi moja mle ambayo angeweza kuisoma mwenyewe akaielewa.

Mwenyekiti halazimiki kufuata wanachosema wazee, ila akitofautiana nao lazima aeleze kwa nini. Na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilipokaa Mbeya ililisema wazi kabisa, maoni yawemo kwenye kumbukumbu na wadaawa, yani pande zote mbili za kesi, wasomewe kabla hukumu haijaandikwa, kutaja tu kwenye hukumu kwamba wazee walisema hivi na vile haitoshi. Tangu hapo mashauri mengi yametenguliwa kwa ishu hiyohiyo. Kwahiyo kosa linajulikana, halafu bado linamkuta mama wa miaka 67.

Sasa kinachoniuma zaidi. Shangazi alipewa kile kihamba na babu akiwa hai, upande wa pili wanasema mtoto wa kike hapewi kihamba. Nilikuwepo siku shahidi wao anatoa ushahidi, akaapa kwamba masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka wa shamba, ya mpaka wa chini aliyapanda yeye. Mmoja wa wazee wa baraza alikuwa mama, mtu mzima, kanga begani, muda wote kimya, akauliza swali moja tu: hayo masale uliyapanda kabla au baada ya msiba wa mzee? Yule bwana akajibu kabla, akageuka akasema baada, akanyamaza. Wakili wetu hakuwa amefikiria kuuliza hivyo na sidhani angefikiria, unatakiwa uwe umekaa kule mlimani uone watu wanavyochomeka sale usiku mwenye shamba akishazikwa. Sheria yenyewe inataka wateuliwe wazee wasiozidi saba kila baraza na watatu wawe wanawake, siku ile nikaona faida yake kwa macho yangu. Yule mama aliandika nini mwishoni? Hatutajua kamwe. Kama aliandika karatasi imepotea, kama hakuulizwa ndio basi, na kipindi chake kimeshaisha.

Kuna watu wanasema hawa wazee waondolewe kabisa wanachelewesha kesi. Kenya walifuta washauri wa Mahakama Kuu, waliokuwa wakikaa na jaji kama wazee hawa, tangu 2007, na kwetu 2022 kesi za mauaji jaji ameachiwa aamue kama atakaa nao au la. Wenzetu Kenya sauti ya nje siku hizi inaingia zaidi kupitia rafiki wa mahakama, yani taasisi au msomi anayeomba ruhusa kusaidia mahakama bila kuwa upande wa mtu, na Mahakama ya Juu mwaka 2015 kwenye kesi ya Mumo Matemu iliweka masharti, asiegemee upande na abaki kwenye hoja za sheria. Ni utaratibu mzuri na ninauheshimu, lakini huyo anakuja na sheria, hawezi kujua habari za masale. Mi nasema kama kosa ni kutokuandika basi waandike, usimfukuze mzee kwa karatasi aliyoipoteza mwingine.

Shauri limepangiwa tarehe mwezi ujao. Shangazi ameniomba nimwandikie maneno ya kumwambia mwenyekiti siku ya mwisho ya ushahidi ili asisahau, hataki marefu, anataka ayashike kichwani. Nimemwandikia nyuma ya risiti: "Mheshimiwa, naomba maoni ya wazee yasomwe hapa tukisikia sote, kabla hujaandika hukumu." Jana usiku kanipigia akanisomea yote bila kuangalia.