Nilivyoitafuta M91 kwa kalamu kabla ya darubini

Katika orodha ya madoa ya ukungu angani aliyoichapisha mwanafalaki Mfaransa Charles Messier mwaka 1781, kila kimoja kikiitwa M na namba yake, kuna kitu namba 91, yaani M91, ambacho kwa karibu miaka mia mbili hakuna aliyekikuta pale alipokiandika. Wapo waliosema aliona nyotamkia iliyokuwa ikipita zake, na wapo waliosema aliiandika M58 mara mbili. Mwaka 1969 Mmarekani mmoja mpenzi wa nyota, William C. Williams, alitoa maelezo ambayo wengi wameyakubali. Sikutaka kuyapokea hivihivi. Nilitaka kuyapiga hesabu mwenyewe kwanza, ndipo nielekeze darubini.

Messier anaiweka M91 kwenye nyuzi 186 na dakika 37 kuelekea mashariki, kuanzia pale jua linapovuka ikweta ya anga mwezi Machi, na nyuzi 14 na dakika 57 kaskazini mwa ikweta hiyo, ambayo ni ikweta ya dunia ikirefushwa hadi angani. (Dakika hapa si ya saa, ni sehemu ya sitini ya uzi mmoja.) Vipimo hivyo ni vya zama zake. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia inayozunguka, kwa hiyo gridi nzima ya anga huhama mwaka hadi mwaka. Nilipovileta kwenye ramani za mwaka 2000 nikapata nyuzi 189 na dakika 23 mashariki, nyuzi 13 na dakika 45 kaskazini. (Kikokotoo cha simu kinatosha.) Hapo hakuna galaksi inayolingana na maelezo yake.

Hoja ya Williams ni kwamba Messier hakupima kutoka kwenye nyota. Alipima umbali kutoka kwenye galaksi jirani, akidhani ni M58 ambayo mahali pake alishapajua tangu 1779, kumbe alikuwa akitazama M89. Hilo halinishangazi hata kidogo: kwenye darubini ndogo zote mbili ni madoa ya mviringo yasiyo na alama. M89 iko dakika 31 magharibi mwa M58 na dakika 44 kaskazini yake. Nikaisogeza ile pointi kwa kiasi hichohicho: nyuzi 188 na dakika 52, nyuzi 14 na dakika 29. Galaksi iitwayo NGC 4548 inakaa pale pale, tofauti haifiki hata dakika moja. Ndiyo ambayo mwanafalaki William Herschel aliiona tarehe 8 Aprili 1784 na kuiweka kwenye fungu la nebula, yaani madoa ya ukungu, hafifu, na mwanafalaki Dreyer akaiingiza kwenye katalogi yake ya 1888, hiyo NGC, bila kuihusisha na M91.

Kuiona kulihitaji usiku usio na mwezi na darubini yenye kioo cha sentimita 20. Nilianzia kwenye nyota Vindemiatrix, nikaenda magharibi kama nyuzi nne na nusu hadi M60, kisha M59, M58, na nikapanda hadi M89. Eneo hilo limejaa galaksi mpaka linachanganya, kwa hiyo kila moja niliihakiki kwenye ramani kabla ya kuhama. Kutoka M89 kazi ni rahisi, kwa kuwa M91 iko karibu moja kwa moja kaskazini yake, umbali wa nyuzi mbili kasoro kidogo. Ukipotelewa na uelekeo, iache darubini itulie: upande ambao nyota zinatokomea ndio magharibi.

Kwa kuikodolea macho sikupata kitu. Nilipotazama kwa pembeni ya jicho ikajitokeza kama ukungu mdogo wenye kiini kinachong'aa kidogo, na baada ya kuvumilia nikahisi mstari mnene unaokatiza katikati. Mstari huo ni wa nyota, na picha huuonyesha vizuri. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka milioni 50.

Kabla ya kuandika jina kwenye daftari nilihamia NGC 4571, jirani yake wa kusini mashariki, ambayo nayo iliwahi kupendekezwa kuwa ndiyo M91. Niliiona kwa shida sana. Messier alisema M91 ni hafifu kuliko M90, lakini aliiona, tena kwa vyombo vidogo kuliko changu. Iliyonisumbua mimi kwa kioo cha sentimita 20 siamini kwamba yeye angeiona, na daftarini nikaandika NGC 4548.